Banda la kuku si chumba cha mpangaji

Mwite fundi wa Mbagala au Chanika, mwonyeshe kona ya uwanja, mwambie unataka banda la kuku ishirini. Ukirudi jioni utamkuta anachimba msingi wa chumba. Tofali za inchi sita mpaka juu, dirisha moja dogo lenye nondo, mlango wa bati, na paa lililolala karibu na utosi wako ili kubana matumizi ya mbao. Likishapigwa lipu na rangi, banda hilo linapendeza kuliko nyumba za watu. Kisha unaingia mwezi wa pili, joto la kaskazi limeikalia Dar es Salaam, na adhuhuri unawakuta kuku wote wamebanana mlangoni, midomo wazi, mbawa wamezining'iniza mbali na mwili. Mayai yanahesabika kwa vidole.

Fundi tusimlaumu sana. Amejenga anachokijua, nyumba ya kiumbe anayetoka jasho. Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi za Selsiasi, koti la manyoya halivui mwaka mzima, na joto likimzidi hana njia kubwa ya kulipunguza ila kuhema, ili unyevu wa njia yake ya hewa ugeuke mvuke na kuondoka na joto. Pwani hata njia hiyo ni nyembamba, kwa sababu hewa yenyewe imeshajaa mvuke. Kuku mkubwa hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24. Ikipita 30 anaanza kutaabika, na mchana wa Februari Dar es Salaam hupita hapo kwa kawaida. Tena kuhema kuna gharama yake. Kila anapohema hupoteza hewa ya kaboni dayoksaidi kuliko ilivyo kawaida, na kwa kupungua huko mwilini ganda la yai, ambalo karibu lote ni kalisi kabonati, linakosa sehemu ya malighafi yake. Ndiyo maana mayai ya kaskazi huvunjika mkononi hata kama chakula ni kilekile. Anayelaumiwa mara nyingi ni muuza chakula.

Kwa hiyo nitaisema mapema hoja yangu: pesa ya banda iende kwenye paa na wavu, isiende ukutani. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kuku mkubwa aliyeota manyoya yote hafi kwa baridi. Humwua joto, unyevunyevu na hewa iliyofungiwa. Video nyingi zinazozunguka kwenye simu zinafundisha kuzuia theluji, kuweka sponji ukutani na kuwasha taa za joto. Ni elimu nzuri kwa mtu wa Minnesota, ila ukiifuata Tegeta utakuwa umewajengea kuku wako tanuri.

Tuanze na mahali pa kulisimamisha, kwa kuwa hilo halitengenezeki baadaye. Chukua kiwanja cha kawaida cha mjini, ishirini kwa ishirini. Upande mrefu wa banda ulale mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na kuta fupi, na pande mbili ndefu zilizo wazi zitazame kaskazini na kusini. Kwa mpangilio huo upepo nao unapata njia: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, inaingia upande mmoja; kusi, inayotoka kusini mashariki tangu Aprili hadi karibu Oktoba, inaingia upande wa pili. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Maana yake ni kwamba ukiliweka banda upande wa magharibi wa nyumba yako, harufu karibu mwaka mzima itakwenda kwingine. Inakokwenda ni kwa jirani wa magharibi, na huyo ndiye wa kumpelekea trei ya kwanza ya mayai. Kabla ya yote pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize sheria ndogo za halmashauri yenu zinasemaje kuhusu mifugo, maana zinatofautiana, na jogoo mmoja anayewika saa kumi usiku anatosha kukufikisha barazani.

Kuku ishirini wanaotoka nje mchana wanahitaji mita nne hadi tano za mraba za kulala, yaani chumba cha mita mbili kwa mbili na nusu. Wakishinda ndani siku nzima, ongeza angalau nusu ya eneo hilo. Ukuta wa tofali usizidi magotini au mapajani, sentimita 60 hadi 90, utakaozuia matone ya mvua yanayoruka kutoka chini na upepo wa kuwapiga walio sakafuni. Kutoka hapo hadi kwenye paa ni wavu. Watu wengi hununua ule waya mwepesi wa matundu ya pembe sita kwa kuwa ni rahisi. Waya huo unazuia kuku asitoke. Haumzuii kicheche asiingie, na nguchiro akishapata upenyo hahitaji mwaliko wa pili. Tafuta wavu mzito wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, walau kwa ile mita ya chini. Uchimbie ardhini kidogo au uubane kwenye zege, kwa sababu panya buku hupitia chini, na vifaranga kwake ni chakula cha usiku mmoja.

Paa ndilo linalokula fedha, na lile kweli. Makuti yanapoza kuliko kitu chochote, lakini ni maskani ya utitiri na panya, na baada ya miaka michache yanaanza kuvuja. Bati linadumu na linaoshwa na mvua, ila mchana linageuka kikaango. Mimi nachagua bati lililoinuliwa: upande wa juu usipungue mita mbili na nusu kutoka sakafuni, lipakwe rangi nyeupe au chokaa kwa juu, na mwenye uwezo apasue paa kileleni, upande mmoja upite juu ya mwingine na kuacha mwanya wa kiganja. Hewa ya moto hupanda. Ikikuta mlango juu itatoka yenyewe na kuvuta ya baridi kutoka chini. Mwenye bati tupu na fedha imekwisha atandaze makuti makuukuu juu ya bati, ayafunge kwa kamba. Kinachobaki ni upenu. Paa litoke nje ya wavu mita nzima kila upande, kitu ambacho mafundi hukikata kwanza wakiambiwa wapunguze gharama. Jua la Desemba linapita kusini kidogo tu ya utosi wetu, hivyo upenu wa mita moja unalizuia adhuhuri, na masika ikifika upenu huohuo ndio unaoamua kama sakafu italala kavu.

Kivuli cha mti kinaongeza mengi kwa bei ndogo. Mwarobaini upande wa magharibi, mpapai, au mpesheni uliopandishwa juu ya wavu wa uwanja wa kuku: miezi michache mpesheni umeshatanda na bado unakupa juisi. Juu ya uwanja huo pafunikwe, hata kwa nyavu chakavu za uvuvi. Mwenyeji wa Dar es Salaam au Unguja hahitaji kuelezwa kisa. Kunguru weusi, wazao wa wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kusafisha taka, sasa wanasafisha vifaranga na mayai mchana kweupe, tena kwa kushirikiana: mmoja anamchokoza mama, wa pili anabeba mtoto.

Wakati wa kaskazi kuna kazi mbili za kila siku ambazo hazihitaji fundi. Ya kwanza ni maji. Kuku anayetaga hunywa robo lita hivi kwa siku, na joto likizidi anaweza kunywa mara mbili ya hapo, ila hayanywi yakiwa ya moto. Maji yanayotoka mchana kwenye tangi jeusi lililokaa juani hayamfai hata mtu wa kuoga. Mtungi wa udongo kivulini, vyombo vinavyooshwa asubuhi, na maji yanayobadilishwa saa sita, vinaokoa kuku wengi kuliko dawa za dukani. Kazi ya pili ni saa za chakula. Usagaji wa chakula unazalisha joto mwilini, na joto hilo linapanda saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyeshiba saa nne asubuhi analibeba joto lake la ndani katikati ya joto la nje. Wape alfajiri, wape tena jioni jua likipungua, na katikati waache na majani.

Aina ya kuku nayo ni sehemu ya starehe. Wahenga wa pwani hawakusoma fizikia lakini walifuga kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni. Amepungukiwa manyoya hata sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo joto linamtoka upesi. Kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda kurudi nyuma, naye anapitisha hewa vizuri. Sokoni kuku hao wanatazamwa kama vituko, na wanaokimbilia chotara wanaokua haraka huwapita bila kugeuka. Ningekuwa naanza leo Kigamboni au Bagamoyo, kishingo wawili watatu wasingekosekana bandani.

Masika huja na adui wa namna nyingine. Hapa ndipo ninapowaona watu wakifanya kosa kwa huruma: mvua imeanza, wanachukua turubai wanaliangusha kutoka darini hadi chini, banda linakuwa boksi. Kuku ishirini wanapumua humo usiku kucha, vinyesi vinalowa, vijidudu vinageuza kinyesi kuwa amonia, na kabla ya wiki mbili macho yanatoa machozi na pua zinakoroma. Mwenye kuku anasema mafua yameingia kwa sababu ya baridi. Yameingia kwa sababu ya amonia iliyochubua njia ya hewa. Pazia la banda linafungwa upande wa chini na kuvutwa kwenda juu, si kuteremshwa. Shona mifuko ya sandarusi, ipigilie kwenye ukuta mfupi, na uivute kwa kamba mpaka pale mvua inapofika, huku juu ukiacha walau futi moja wazi hata usiku wa gharika. Kipimo cha amonia unacho: ingia alfajiri kabla hujafungua mlango, chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, wao wamelala na hali hiyo tangu magharibi.

Sakafu iwe juu ya uwanja kwa sentimita 30 hivi, na mtaro uzunguke banda kupeleka maji mbali. Juu ya sakafu tandaza maranda, unene wa sentimita kumi. Dar es Salaam yanapatikana kwa maseremala wa Keko na kila penye randa. Mbeya na Kilombero watu hutumia pumba za mpunga. Chukua maranda, usichukue vumbi la msumeno, ambalo kuku hulila na kulivuta mapafuni, na uulize kama mbao ziliwekwa dawa ya mchwa. Yageuze kwa reki kila baada ya siku chache. Sehemu iliyoloa, na mara zote ni chini ya chombo cha maji, itolewe siku hiyohiyo. Kokidia, ugonjwa unaowafanya vifaranga waharishe damu, unatokana na vijidudu ambavyo mayai yake yanahitaji ujoto na unyevu ili yaweze kuambukiza. Ujoto huwezi kuuondoa pwani. Unyevu unauweza, na kuweka chombo cha maji juu ya kichanja cha waya ni nusu ya kazi. Maranda yakishachoka usiyapeleke moja kwa moja kwenye mchicha, yataunguza; yalundike yaoze kwanza.

Mvua huwatoa siafu. Msafara ukiingia bandani usiku, anayeatamia hanusuriki, kwa sababu hataki kuacha mayai, na vifaranga ndio kabisa. Majivu kuzunguka banda husaidia mpaka mvua itakapoyaosha. Bandani palipoinuliwa juu ya nguzo, kila nguzo ikipakwa grisi ya gari, siafu hupata shida kupanda, na mwenye eneo la bonde au udongo unaotuama maji ningemshauri ajenge hivyo tangu mwanzo: sakafu ya fito zenye nafasi ndogo, mita moja juu ya ardhi, kinyesi kikidondoka chini kinakozolewa kila wiki. Gharama ya mbao inapanda. Maranda huyanunui tena.

Sasa panda gari uende Njombe au Makete mwezi wa sita. Huko alfajiri majani yana barafu nyembamba, na hoja yangu ya wavu inaonekana ya kichaa. Siyo. Inageuka upande tu. Juni jua limehamia kaskazini. Njombe mchana linasimama nyuzi 57 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mwanga wake unaingia vizuri bandani kupitia upande wa kaskazini. Acha upande huo wavu. Ziba ule wa kusini na wa mashariki, unakotoka upepo mkali wa kusi, kwa mabanzi au tofali za kuchoma, na bado uache mwanya mpana chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku waliolala. Kinachomwumiza kuku usiku wa kipupwe ni upepo unaompiga ubavuni na manyoya yaliyolowa. Akiwa mkavu na hewa inapita juu yake, anatuna manyoya, anaficha miguu chini ya tumbo na analala. Maranda huko hayana shida, viwanda vya mbao vya Mafinga na msitu wa Sao Hill viko jirani, hivyo yaongezwe juu ya ya zamani badala ya kutupwa: yanayooza polepole chini yanatoa joto kidogo, na ni joto la bure.

Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa ni hadithi inayojirudia kila mwaka nyanda za juu. Mfugaji anataka kuwapa vifaranga joto, asubuhi anawakuta wamelala safi, hawana jeraha, wote wamekufa. Ni hewa ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua familia zinazolala na jiko chumbani. Vifaranga kweli wanahitaji joto, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lipungue nyuzi tatu hivi kila wiki. Wape kwa taa, au kwa mkaa uliokolea kabisa nje na kuingizwa ndani ya chungu chenye majivu, katika chumba ambacho juu kuna mwanya. Kipimajoto si lazima. Vifaranga wakirundikana pamoja wanahisi baridi, wakikimbilia kando na kuhema wamepata moto, wakitawanyika na kulala kila mmoja kivyake, kalale na wewe.

Ndani ya banda mambo ni machache. Fito za kulalia ziwe na unene wa kushikika, kingo zimepigwa randa, kila kuku apate sentimita 20, na zote ziwe kimo kimoja, la sivyo kila magharibi kutakuwa na ugomvi wa ghorofa ya juu. Viota vinne au vitano vya sentimita 30 kila upande vinawatosha kuku ishirini; viwe mahali pa giza na chini kuliko fito, maana kuku hupenda kulala juu, na akilala kiotani utaokota mayai machafu. Kona moja weka mchanga mkavu uliochanganywa na majivu waoge vumbi. Utitiri hujificha kwenye nyufa za mbao mchana na kunyonya damu usiku, kwa hiyo usiwatafute kwa kuku, chungulia kwenye maungio ya fito kwa tochi saa tatu usiku.

Na banda zuri kuliko yote halizuii kideri. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita mdondo, unaweza kuliacha tupu kwa siku chache. Kuna chanjo ya I-2 inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani; hapa nchini huzalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Ni tone moja jichoni, kwa kuku mzima asiyeumwa, kurudiwa kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko ulionao, hivyo panga siku moja na majirani.

Fundi akishafika, basi, usimwache aanze kupima msingi kabla hamjaongea. Mwambie ukuta uishie mapajani, tofali zitakazobaki azigeuze kuwa mita moja ya upenu kila upande. Lipu na rangi vitasubiri, masika haitasubiri.